Droo Kwapani

Niliingia dukani kwa Urmas na droo kwapani,
nimeizungushia gazeti la juzi,
theluji ya Viljandi imenikaa shingoni kama mdai.
Nikasema nataka buluu.
Akanitazama juu ya miwani:
"Buluu ipi, Helve? Buluu ni ukoo, si mtu."

Akaanza kufungua makopo.
Hii ya chaki hukauka upesi, haidai msasa mwingi,
hushika hata juu ya dhambi za zamani,
ila usipoipaka nta, kikombe kimoja cha chai
kitaivisha pete, na hiyo pete haivuki.
Hii ya maziwa ni unga tu kwenye mfuko wa karatasi,
unaukoroga mwenyewe kama uji wa mgonjwa;
hubanduka inapotaka, na wapo wanaoipenda kwa hilo.
Hii ya mafuta ya kitani: siku tatu kukauka,
tano kama hewa ina unyevu,
na harufu itakuwa mpangaji wako mpaka Pasaka.
"Na hii ya plastiki," akaisukuma kando kwa kidole,
"ni ya wenye haraka. Wewe una haraka?"
Nina miaka sabini na mmoja.
Sikumjibu.

Dada yangu Eevi alikwisha toa hukumu kwa simu:
nyeupe, siku hizi kila mtu anapaka nyeupe.
Kwake meza nyeupe, viti vyeupe, fremu nyeupe za picha;
Eevi akishika brashi hupaka,
angempaka hata paka.

Urmas akakwangua pembe ya droo kwa sarafu.
Kwanza kahawia. Ile kahawia ya sakafu,
ya miaka ambayo duka zima lilikuwa na kopo la aina moja,
tukapaka benchi, tukapaka banda la kuku,
na iliyobaki tukalimalizia kabati la mama.
Chini yake kijani cha hospitali,
ambacho baba alikileta usiku ndani ya debe la maziwa
na hakuna aliyemuuliza.
Kisha rangi ya siagi.
Kisha, nyembamba kama ukucha wa mtoto,
buluu.

"Usikwangue kavu," akasema, na sauti ikabadilika.
"Lowesha kwanza. Funga pua. Rangi za kale zina risasi,
nayo risasi hii haina mlio."

Nikakumbuka farasi wa mbao, wa mjukuu wangu Kaur.
"Anatafuna?"
"Anatafuna hata ngazi."
"Basi farasi mpe mafuta na nta ya nyuki. Asivae kitu kingine."

Akachanganya. Buluu, tone la nyeusi,
udongo wa manjano kwenye ncha ya kijiti.
Akapaka nyuma ya droo, nikasema ndiyo hiyo!
Akacheka. "Ngoja. Rangi mbichi ni mchumba,
iliyokauka ndiyo mume."
Tukangoja. Redio ikasoma hali ya barabara.
Ikakauka, na alikuwa mume wa mtu mwingine.
Akachanganya tena. Na tena.
Ya nne haikuwa ile, lakini ilikaa mtaa mmoja na ile.
Nikalipa nusu lita, na brashi ya nywele za nguruwe
ambayo sikuihitaji.

Nyumbani nikaigeuza droo kwenye mwanga wa jikoni.
Ndani, kwenye mbao ambayo haikuwahi kupakwa,
mwandiko wa mama kwa penseli:
sukari, misumari, barua ya L.
Hakuna L katika familia yetu.
Nimewahesabu mara mbili,
hata walioolewa mbali, hata waliokufa wachanga.

Ndani sitapaka.
Nje nimemaliza mkono wa kwanza,
una michirizi, kona moja imelia chozi refu.
Simu inaita; itakuwa Eevi.
Vidole vyangu ni buluu mpaka kwenye viungo.
Acha iite.